Waya na Kioo Katika Nchi ya Dhahabu

Mwaka 1931 habari zilienea Eldoret na Nairobi kwamba mito ya Kakamega ina dhahabu. Aliyeanzisha kishindo hicho alikuwa L. A. Johnson, mlowezi Mmarekani aliyelima Turbo, ambaye bei ya mahindi ilikuwa imemkaba koo kama ilivyowakaba walowezi wenzake. Mwaka haukuisha kabla mahema, karai na sululu hazijatapakaa kandokando ya vijito. Desemba 1932 serikali ya kikoloni iliibadilisha mbio mbio sheria ya ardhi za Waafrika iliyopitishwa miaka miwili tu kabla, ili mtu aliyenyang'anywa shamba kwa ajili ya mgodi aweze kulipwa pesa badala ya kupewa ardhi nyingine. Mgodi wa Rosterman, nje kidogo ya mji wa Kakamega, uliendelea kuchimbwa hadi mwaka 1952.

Malinya iko ndani ya ukanda huo. Ni soko katika eneobunge la Ikolomani, Idakho, nchi ya Abidakho, na watu wa mbali huijua zaidi kwa uwanja wake, ambako mafahali hupambanishwa asubuhi mapema huku ngoma za isukuti zikivuma. Isukuti yenyewe, mali ya Abidakho na ndugu zao Abisukha, iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Dhahabu iko chini ya udongo wa mashamba haya, na bado inatafutwa: mwaka 2020 kampuni ya Shanta Gold ilinunua kutoka kwa Barrick mradi unaojumuisha Isulu na Bushiangala, mwendo mfupi kutoka hapo.

Hata hivyo, tazama mapambo ya kale ya watu wa sehemu hii, yale yaliyopigwa picha na wageni wa kwanza, na dhahabu huioni. Shingoni, mikononi na miguuni kuna chuma, shaba na kioo. Chuma kingine kilifuliwa jirani, lakini shaba na kioo vilivuka bahari mbili, vikapandishwa kichwani mwa wapagazi, vikatembea miezi kadhaa hadi kufika. Aliyetaka kujipamba alilipa mbuzi, nafaka au pembe ya ndovu ili apate waya wa kiwanda cha Ulaya, huku akikanyaga madini ambayo Mzungu angekuja kuyapigania. Kuna wanaoliona jambo hilo kuwa ujinga wa watu wa kale. Ukilifuatilia kwa makini, lina akili zake.

Tuanze na waya. Kabla waya wa nje haujafika, wahunzi wa Magharibi ya Kenya walikuwa na chuma chao. Vilima vya Samia, karibu na ziwa, vilijulikana kwa majembe yake, ambayo yalisafiri mbali na kutumika hata katika mahari. Bangili ya chuma ilitoka katika tanuri hilo hilo la jembe. Kazi ilikuwa ngumu: chuma kilipashwa moto, kikagongwa kikawa fimbo nyembamba, kikapashwa tena. Waya ulioletwa na misafara ulimpunguzia mhunzi kazi ya siku nzima. Ulifika ukiwa mwembamba, wa unene mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho, na uliopinda bila kuvunjika.

Wafanyabiashara wa pwani walikuwa na majina yake kwa unene. Masango ni waya mnene wa shaba, unaofungwa mizingo mikubwa na kuuzwa kwa frasila. Udodi ni ule mwembamba wa kutengenezea bangili. Sengenge ni wa chuma, ambao leo Mkenya akiutaja huwa na maana ya ua wenye miiba. Fundi aliyetaka waya mwembamba zaidi ya ule alionao aliuvuta kupitia chamburo, bamba la chuma lenye matundu yanayopungua ukubwa: waya unaingizwa katika tundu kubwa, unavutwa kwa koleo, kisha tundu dogo kidogo, kisha jingine, na kila unapopita unarefuka na kukonda. Baada ya matundu machache shaba inakuwa ngumu na inaanza kukatika, hivyo fundi anairudisha motoni ilainike ndipo aendelee. Wakamba walikuja kusifika kwa kazi ya aina hii. Mikufu yao myembamba na vigoda vilivyopambwa kwa waya bado vinapendwa na wakusanyaji.

Richard Burton, aliyepita njia ya kati kuelekea Ziwa Tanganyika miaka ya 1857 na 1858, aliandika jinsi masango yalivyogeuzwa vitindi, yaani msokoto mzito unaovaliwa kuanzia kifundo cha mkono hadi karibu na kiwiko. Aliziona pia zile pete za miguuni ambazo kiini chake ni unywele wa mkia wa twiga au ndovu, na juu yake udodi umezungushwa mzingo kwa mzingo, umebanana hata unywele hauonekani. Anayejua kazi hiyo anajua ilipo shida yake: mizingo lazima ilale sambamba, isipandane, na mwisho wa waya uingizwe ndani usije ukamkwaruza mvaaji. Mguu mmoja ungeweza kubeba pete kadhaa za namna hiyo, zikilia kidogo kila mtu apigapo hatua.

Thamani yake ilikuwa kubwa kiasi gani? Henry Stanley, alipokuwa Zanzibar mwaka 1871 akijiandaa kwenda kumtafuta Livingstone, alijifunza kwa wenyeji namna ya kupanga mizigo. Akaandika kwamba katika bara ushanga unashika nafasi ya sarafu ya shaba, nguo inashika nafasi ya fedha, na waya, katika nchi zilizo ng'ambo ya Tanganyika, unashika nafasi ya dhahabu. Akanunua ratili 350 za waya wa shaba, wa unene unaokaribia ule wa simu. Kumbe mgeni mwenyewe alipotafuta mfano wa kuwaeleza wasomaji wake, neno lililomjia lilikuwa dhahabu.

Njia ya kwenda Idakho ilikuwa nyingine. Misafara ya Waswahili na Waarabu kutoka Mombasa na Pangani ilianza kuifikia nchi ya Wanga katika nusu ya pili ya karne ya 19, ikipiga kambi katika makao ya mfalme wao, Nabongo Shiundu, ambayo wasafiri waliyaita Kwa Sundu. Baada yake akaja mwanawe Mumia, aliyetawala hadi alipofariki mwaka 1949 na kuuachia mji jina lake, Mumias. Hapo pembe za ndovu zilibadilishwa kwa nguo, waya na ushanga, na wakati mwingine watu nao waliuzwa. Biashara ile haikuwa safi, na haifai kuipamba. Kutoka Mumias hadi nchi ya Abidakho ni safari ya siku moja au mbili kwa miguu. Bidhaa ziliingia kidogo kidogo, soko kwa soko, mkono kwa mkono, zikifuata njia zile zile za majembe, chumvi na mbuzi.

Desemba 1883 aliingia Joseph Thomson, Mskochi wa miaka 25, Mzungu wa kwanza kulifikia eneo hili akitokea mashariki kupitia Umasaini. Kitabu chake cha mwaka 1885 kinaonyesha kitu ambacho watu wengi husahau kuhusu ushanga: ulikuwa na masharti. Msafara wake ulipokuwa Taveta, ilibidi usimame ili wapagazi waukate na kuutunga upya ushanga wote kwa urefu wa nyuzi uliokubalika na Wamasai. Maelfu kwa maelfu ya nyuzi yalitungwa huko. Ushanga usiotungwa ipasavyo haukununua kitu, na rangi isiyotakiwa ilirudishwa pwani.

Burton alikadiria kwamba aina za ushanga zilizokuwa sokoni zilifika kama 400, na nyingi zilikuwa na majina yake ya Kiswahili. Mwekundu wa rangi ya marijani uliitwa samesame. Huo huo ulipewa majina ya utani: kimara-phamba, yaani kimaliza chakula, kwa sababu mtu angeutoa mlo wake ili aupate, na jingine lililousifu kwamba huangusha miji kwa jinsi wanawake walivyoutamani. Sungomaji ulikuwa mkubwa kama yai la njiwa. Kipimo kilikuwa khete, uzi mmoja, na khete kumi zilifanya fundo. Mfanyabiashara aliyeingia bara akiwa na rangi ya msimu uliopita aliweza kufa njaa katikati ya vyakula. Ukiwaona leo vijana wa mjini wakikataa kiatu kwa sababu toleo lake ni la mwaka juzi, unajua kwamba Waafrika wa karne ya 19 hawakuhitaji kufundishwa maana ya fasheni.

Kwa nini wang'ang'anie kioo na waya kuliko kitu cha nyumbani? Jibu moja ni rangi. Udongo, mbegu, mfupa na ganda la yai la mbuni vinatoa nyeupe, kahawia na nyeusi. Nyekundu ya samesame isiyopauka kwa jua wala kwa jasho haikupatikana popote karibu. Jibu la pili ni hesabu. Nyuzi na mizingo huhesabika, hugawanyika, hulipwa mahari, hurithiwa. Dhahabu ya Kakamega ya kwenye mito ilikuwa chembe, na chembe bila sonara ni mchanga wenye uzito. Masonara walikuwa Lamu, Mombasa na Zanzibar, wakiwatengenezea mabibi wa mjini vipuli, vikuku na mikufu. Idakho ilikuwa na wahunzi, nao walijua waya.

Waya uliopendwa hivyo haukukaa salama nguzoni. Waingereza walipoanza kupitisha simu ya waya na reli kuelekea ziwani, nyaya zilikatwa na kuchukuliwa hasa katika nchi ya Wanandi, juu tu ya ukingo unaoonekana mashariki ya Idakho na Isukha. Waya ukawa pambo, na misumari mikubwa ya reli ikawa silaha. Sir Charles Eliot, aliyekuwa Kamishna wa Himaya ya Afrika Mashariki, aliandika mwaka 1905 kwa namna ya kuwaelewa: hebu fikirini, aliwaambia Wazungu wenzake, nyaya za simu za Ulaya zingekuwa mikufu ya lulu, wizi ungekuwaje? Kuelewa kwake hakukuzuia risasi. Vita dhidi ya Wanandi viliendelea, na Oktoba 1905 kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, akauawa.

Mkenya wa leo ataitambua hadithi hiyo upesi. Januari 2022 Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu baada ya uharibifu wa miundombinu ya umeme, na marufuku hiyo ikaondolewa Mei mwaka huo huo kwa masharti mapya. Shaba ya transfoma imekuwa ikienda kwa wanunuzi wa vyuma na kuyeyushwa. Ile ya mwaka 1900 ilivaliwa. Mtu anaweza kubishana ni ipi iliyokuwa na heshima zaidi.

Reli iliifikia Kisumu Desemba 1901, na mwaka uliofuata eneo lote hili lilihamishwa kutoka Uganda na kuwekwa chini ya Himaya ya Afrika Mashariki. Mabadiliko yaliyofuata yalikuwa ya ghafla. Kilichokuwa kikisafiri miezi mitatu kichwani sasa kilisafiri siku chache kwa garimoshi. Allidina Visram, tajiri wa Kihindi aliyekuwa na maduka kuanzia pwani hadi Uganda, alikuwa na kituo kikubwa Kisumu, na nyuma yake wakaja wenye maduka wadogo waliopenya hadi masoko ya ndani. Ushanga ukashuka bei. Waya ukashuka bei. Kitu kilichokuwa ishara ya mwenye mali kikawa kitu cha kununua kwa kuku mmoja, na kama kawaida ya vitu vinavyokuwa rahisi, wenye uwezo wakaanza kutafuta kingine. Isitoshe, serikali ilitaka kodi ya nyumba kwa rupia. Mzingo wa shaba uliokuwa mali haukukubalika tena mezani kwa mtoza kodi.

Pigo la pili lilitoka kanisani. Waquaker wa Marekani walifungua misheni Kaimosi mwaka 1902. Mapadri wa Mill Hill walifika Mukumu, jirani kabisa na Idakho, mwaka 1906. Aliyeingia darasani alivaa shati au kanzu, na mapambo ya zamani yakahesabiwa kuwa alama ya upagani. Msomi alitambulika kwa kitambaa chake, na aliyebaki na vitindi alitambulika kwa vitindi vyake. Ndani ya kizazi kimoja au viwili, mapambo yaliyolipiwa ng'ombe yalitoka mwilini yakaingia vyunguni, mengine yakauzwa kwa uzito, mengine yakaishia katika kabati za makumbusho za Ulaya yakiwa na kibandiko cha neno moja tu: Kavirondo, jina ambalo wakoloni waliliita eneo hili.

Vita Kuu ya Kwanza ilichukua maelfu ya vijana wa Kavirondo wakawe wapagazi wa jeshi. John Ainsworth, aliyekuwa Mkuu wa Jimbo la Nyanza, ndiye aliyekabidhiwa kuwakusanya watu wa kazi hiyo. Kambi ya wapagazi hao Nairobi iliacha jina lake kwa mtaa na soko: Kariokor, kutokana na jina la Kiingereza la kikosi hicho. Soko hilo leo ni moja ya sehemu kubwa za jiji za kununua ndala za ngozi zilizoshonewa ushanga, vyondo, bangili na mikufu. Wapo wanaolipitia kila siku bila kujua kwamba jina lake limebeba vifo vya watu wengi.

Sasa turudi kule ushanga ulikotoka, maana huko ndiko hadithi inakochukua rangi ya ajabu. Sehemu kubwa ya kioo kilichoingia Afrika Mashariki ilitoka Venisi, na kadiri karne ya 19 ilivyosonga ndivyo Bohemia, katika Jamhuri ya Cheki ya leo, ilivyojipatia nafasi yake. Mji wa Jablonec na vijiji vya milimani vilivyouzunguka viliishi kwa kazi hiyo. Kiwanda kiliyeyusha kioo na kukivuta kuwa fimbo. Kaya za wakulima zilichukua fimbo nyumbani, wakazikandamiza, wakazisugua, wakazitunga, baba, mama na watoto. Mawakala walikusanya shanga na kuzituma London, Hamburg na Amsterdam, pamoja na kadi za sampuli zilizoonyesha kila soko linataka nini. Kadi moja ya namna hiyo, ya mfanyabiashara wa London Moses Lewin Levin, ilitolewa kwa Jumba la Makumbusho la Uingereza mwaka 1863, na bado ni msaada mkubwa kwa wanaochunguza umri wa shanga za Afrika.

Katika milima hiyo hiyo ukoo wa Riedel, wenye viwanda vya kioo, ulisifika katika miaka ya 1830 na 1840 kwa kutia urani kwenye kioo. Rangi mbili zilizotokea, manjano na kijani, ziliitwa kwa jina la Anna, mwanamke wa ukoo huo. Madini yake yalichimbwa Joachimsthal, mji uliokuwa umesifika kwanza kwa fedha. Ndipo vikatoka vikombe, vyetezo, vifungo na shanga za rangi ya limau na majani mabichi, zenye mng'ao wa kama mafuta, ambazo wafanyabiashara wa vitu vya kale leo huziita vaselini. Shanga hizo zilizokatwa pembe pembe ziliuzwa pia Afrika, zaidi upande wa magharibi ya bara.

Mwaka 1852 mwanafizikia George Stokes alitumia kioo cha namna hii alipoeleza kwa nini baadhi ya vitu hutoa mwanga wa rangi nyingine vikipigwa na miale ya urujuanimno, ile ambayo jicho haliioni. Urani ndani ya kioo hunyonya miale hiyo na kuirudisha ikiwa kijani kikali. Mwenye kikombe wa karne ya 19 hakuwa na taa maalumu. Aliona tu kwamba jioni, jua likizama, kikombe chake kilionekana kuwaka kidogo kuliko vingine. Na mabaki ya Joachimsthal, uchafu uliobaki baada ya rangi ya kioo kutolewa, ndiyo Marie na Pierre Curie waliyoyaagiza kwa magunia wakayachemsha hadi wakaipata radiamu. Sayansi ya atomu ilianzia kwenye jalala la watengeneza rangi.

Baadaye habari iligeukia upande wa wasemao Kiswahili. Mwaka 1915 Robert Sharp, Mwingereza aliyefanyia kazi kampuni ya Union Minière, alikuta urani Shinkolobwe, Katanga. Madini yake yalikuwa na utajiri usio na mfano, na kuanzia miaka ya 1920 yalisafirishwa hadi Olen, Ubelgiji, ili kutoa radiamu. Urani ilibaki kama zao la pembeni, ikiuzwa kwa watia rangi wa vyungu na vioo. Kisha vikaja vita vya pili. Edgar Sengier, mkuu wa kampuni hiyo, alikuwa ametuma zaidi ya tani elfu moja za madini hayo New York mapema, na zikaingia katika kazi ya bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Urani ikawa siri ya serikali. Nchini Marekani viwanda vya kioo vilinyimwa kabisa hadi mwaka 1958. Katika Jablonec, Wajerumani waliokuwa mafundi wengi wa kazi hiyo walifukuzwa baada ya vita. Baadhi yao walijenga makazi mapya ya ushanga huko Bavaria, wakayaita Neugablonz.

Uhaba huo ndio ulioupa uzito mtindo wa leo wa kuvaa kioo cha urani kilichofungwa kwa waya. Kioo cha kijani chenye urani kilichotengenezwa kwa wingi Marekani miaka ya 1920 na 1930, vyombo vya bei ya chini kabisa, vingine vilivyotolewa bure ndani ya pakiti za unga, sasa vinawindwa na wakusanyaji wenye tochi za urujuanimno. Chombo kizima huwekwa kabatini. Kilichovunjika, kifungo kilichobaki peke yake, gololi, tone la taa ya dari, ndivyo vinavyoangukia mikononi mwa mtengenezaji wa mapambo. Naye huchukua waya.

Sababu ya waya ni ya kikazi. Kioo hiki kikivaliwa kilivyo, mnururisho wake ni mdogo mno. Kikitobolewa kwa keekee au kusagwa, kinatoa vumbi, na vumbi lenye urani halifai kuingia mapafuni. Kwa hiyo fundi mwenye akili hakitoboi. Hukifunga. Anachagua kipande ambacho kingo zake zimekwisha kuwa laini, anakata waya wa shaba wa unene wa milimita 0.8 kwa ajili ya fremu na mwingine wa nusu milimita wa kuzungushia. Nyaya mbili au tatu nene hulazwa sambamba na kubanwa pamoja kwa mizingo mitatu minne ya ule mwembamba. Kisha fremu hupindwa kufuata umbo la kioo. Mbele na nyuma waya mmoja huvutwa kwa ncha ya koleo ukaipanda kingo ya kioo, kama ukucha, kiasi cha kukishika bila kukibana, maana kioo kikibanwa sana kinaweza kupasuka. Juu, ncha zote hukusanywa, zikazungushwa koleo la mdomo wa duara kuwa kitanzi cha kupitishia mkufu, na kinachobaki hufungwa chini yake mzingo kwa mzingo. Ncha ya mwisho huingizwa ndani isije ikamkwaruza mvaaji. Yule fundi wa pete za unywele wa twiga angekaa pembeni na kuikosoa kazi hii bila kuhitaji mkalimani.

Waya si mgeni katika mikono ya watoto wa Magharibi ya Kenya pia. Gari la waya, lenye usukani mrefu na magurudumu ya vifuniko, limewafunza vijana wengi kupinda kona, kuunga bila kulehemu na kuficha ncha kali kabla hawajajua kusoma. Fundi wa jua kali anayefuma nyavu za kuchomea nyama au vizimba vya kuku anatumia ujuzi ule ule kwa waya mnene zaidi. Lililopungua ni soko la mapambo yenyewe: Malinya ya leo hununua hereni zilizotoka China, na ushanga mwingi mzuri unaotumiwa na wanawake wa Kimasai hutoka Cheki. Kampuni inayoutengeneza, Preciosa Ornela, ina kiwanda chake cha kioo Desná, katika bonde walilofanyia kazi kina Riedel.

Kwa anayetaka kujua kama bakuli la kijani lililorithiwa kwa bibi lina urani, kifaa kipo karibu kuliko anavyodhani. Taa ndogo ya zambarau ambayo wenye maduka hutumia kukagua noti bandia hutoa miale ile ile, na baada ya noti mpya za Kenya kuingia mwaka 2019 na ile ya zamani ya shilingi elfu moja kuondolewa, imekuwa kifaa cha kawaida cha kaunta. Kioo chenye urani chini yake huwaka kijani papo hapo, kote kote, hadi ndani ya unene wake. Chenye manganizi hutoa kijani hafifu kinachoweza kumdanganya mgeni wa kazi hii, na chenye kadimiamu huelekea njano au chungwa. Wauzaji wa mitandaoni hupiga picha vyote vitatu chini ya tochi kali na kuvipachika jina moja na bei moja.